Nikimuuliza, sitamtia wazo hilo?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 16 na anasoma kidato cha nne katika shule ya bweni. Tangu arudi likizo hazungumzi na mtu, amewagawia wadogo zake nguo zake nzuri, na juzi alimwambia dada yake kuwa nyumba hii itapumzika yeye asipokuwepo. Baba yake asema ni deko la ujana. Nami naogopa kumuuliza, nisije nikamtia wazo la kujiua ambalo hakuwa nalo. – Mama, Jinja

JIBU: Mama mpendwa, muulize, tena leo. Uliyoyaeleza si deko: kijana anayegawa vitu avipendavyo na kujiona mzigo kwa jamaa zake anastahili kuchukuliwa kwa uzito. Utafiti umeonyesha kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu, kwani amepata wa kumweleza. Kaeni wawili, umtajie uliyoyaona, kisha uulize bila kuzungukazunguka: “Mwanangu, unafikiria kujiua?” Akikubali, usimhubirie dhambi wala usimkumbushe karo. Msikilize mpaka amalize, halafu uulize kama amekwisha kupanga lini na vipi. Aliyepanga haachwi peke yake hata kidogo, naye hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Hata kabla ya mazungumzo hayo, dawa za shambani na tembe zote zifungiwe mahali asipopafikia, kwa sababu msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda kwa muda mfupi kisha hushuka, na asiyekuwa na cha kujidhuru karibu huweza kuivuka saa hiyo.

Hapo Jinja, hospitali ya rufaa ya mkoa ina kitengo cha afya ya akili. Unaweza pia kupiga 116, simu ya Sauti ya kuwasaidia watoto, ambayo haina malipo. Najua familia nyingi huficha mambo haya kwa kuogopa polisi, maana Kanuni ya Adhabu ya Uganda imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa maoni yangu sheria hiyo imewanyamazisha waliohitaji tiba. Hata hivyo, kuwaza kujiua na kutafuta matibabu si kosa.

Asirudi bwenini kabla daktari hajamwona na kabla hujakubaliana na mwalimu mlezi nani atakuwa akimjulia hali kila siku. Mtihani wa kidato cha nne hufanywa kila mwaka, hivyo akihitaji kungoja, angoje.