Anza na Supamaketi Iliyo Wazi: Ushauri kwa Anayetaka Kuweka Kumbukumbu za Maduka

Mtu akitafuta leo picha za Nakumatt, supamaketi za Kenya zilizokufa, kwenye intaneti, atapata nyingi za mwaka wa 2017, zinazoonyesha rafu tupu, bidhaa chache zilizotandazwa ili zionekane nyingi, na malango yaliyofungwa. Picha za maduka hayohayo yakiwa yamejaa, jioni ya mwisho wa mwezi, foleni ikipita kaunta ya mikate, ni adimu mno, kwa sababu hakuna aonaye haja ya kupiga picha mahali anaponunua sukari. Nimekuwa nikizitembelea supamaketi za Nairobi na kuziandika, zilizo hai na zilizokufa, kwa miaka kadhaa sasa, na ushauri wangu kwa anayetaka kuanza ni kwamba aanze na duka lililo wazi, lile alilolizoea, kabla ya kuyakimbilia magofu.

Historia ya jiji lenyewe inaonyesha kwa nini jambo hili ni la haraka. Uchumi, iliyoanzishwa na serikali mwaka wa 1975 na kuingia katika soko la hisa mwaka wa 1992, ilifunga milango Juni 2006, ikafufuliwa mwaka huohuo, kisha ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania mwaka wa 2015. Nakumatt, iliyotokana na duka la magodoro mjini Nakuru na kuenea hadi Uganda, Tanzania na Rwanda, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakakubaliana ivunjwe. Tuskys haikukawia kufuata. Choppies ya Botswana ilikuja kupitia matawi ya supamaketi za Ukwala ikaondoka, na Shoprite ya Afrika Kusini, iliyofungua mlango mwishoni mwa 2018, haikumaliza hata miaka mitatu. Kwa hiyo, ukiandika kwa kufuata kampuni, utajikuta na majalada yanayokatika ghafla, ilhali sakafu ile inaendelea kukanyagwa. Pale kwenye jengo la maduka la Sarit Centre ilikuwapo Uchumi, sasa ipo supamaketi ya Carrefour. Nafasi za supamaketi katika majengo ya Thika Road Mall na Junction zilikuwa za Nakumatt kabla ya Carrefour kuingia. Fungua jalada moja kwa kila nafasi, yaani jengo na ghorofa yake, kisha uwaorodheshe humo wapangaji kwa mfuatano wao, pamoja na miezi ambayo nafasi ilikaa tupu. Mimi naona utaratibu huu ndio unaotenganisha kumbukumbu na mkusanyiko wa picha tu.

Ukiwa ndani ya duka lililo wazi, omba ruhusa kwanza. Tangu shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, tarehe 21 Septemba 2013, walinzi wa maduka ya Nairobi hawana mzaha na mtu anayeelekeza kamera kwenye malango, na wana haki. Mtafute meneja katikati ya asubuhi, siku isiyo ya ofa, umwonyeshe kazi uliyokwisha kuifanya kwingine, na umweleze kwamba nyuso za wateja na wafanyakazi hazitaonekana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 ni sababu ya kutosha ya kuwa mwangalifu, hata kama adabu peke yake haikutoshi. Wengine watakukatalia kabisa. Niliwahi kusindikizwa hadi nje na askari mpole aliyenibebea hata mfuko wangu, na nilipofika nyumbani nilichora ramani ya duka lile kwa penseli. Mchoro huo umenifaa kuliko picha nyingi, kwa maana unaonyesha mambo ambayo picha huyakata: maziwa yako umbali gani kutoka mlangoni, bucha imekaa upande gani, peremende zimewekwa kimo gani karibu na keshia ili mtoto azifikie, na kona ipi imetengwa kwa vyombo vya plastiki ambavyo hakuna aliyevipangia safari.

Andika bei pia, lakini usijaribu kuandika zote. Chagua bidhaa chache ambazo kila duka linazo, kwa mfano pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2, sukari ya kilo moja, maziwa ya nusu lita na mche wa sabuni, na uzirudie hizohizo kila unapotembelea. Aliyefanya hivyo mwaka wa 2017 anao ushahidi wa unga wa ruzuku uliouzwa shilingi 90, na pengine wa rafu ya unga iliyokuwa tupu kando ya bango lililotangaza bei hiyo.

Sasa niseme juu ya risiti, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupoteza hazina bila kujua. Risiti moja ya supamaketi hubeba jina la tawi, namba ya keshia, tarehe, saa, bei na wakati mwingine pointi za kadi ya mteja, kwa hiyo inathibitisha kwamba tawi fulani lilikuwa linafanya kazi siku fulani. Risiti za zamani zilizopigwa kwa utepe wa wino hudumu. Za siku hizi huchapishwa kwa joto juu ya karatasi yenye kemikali, na maandishi yake hufifia yakikutana na jua, joto la dashibodi ya gari, au hata mfuko wa plastiki laini ambao mtu ameununua kwa nia njema ya kuzitunza. Piga picha ya risiti siku hiyohiyo, kisha ihifadhi yenyewe ndani ya bahasha ya karatasi, mahali penye giza. Ikiwa imeshaanza kufifia, ipige picha kwa mwanga wa pembeni na uongeze tofauti kati ya weusi na weupe kwenye kompyuta. Mara nyingi tarakimu hurudi kiasi cha kusomeka. Mifuko nayo ina kazi yake: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, hivyo picha isiyo na tarehe inayoonyesha wateja wakitoka na mifuko ya plastiki yenye nembo ya duka inaelekea kuwa ya kabla ya siku hiyo.

Katika duka lililokwisha kufungwa, tazama juu kwanza. Herufi za bango zinapong'olewa huacha kivuli chake ukutani, mahali ambapo rangi haikupigwa na jua, pamoja na matundu ya skrubu yanayofuata umbo la jina, na kivuli hicho husomeka vizuri zaidi asubuhi au alasiri, mwanga unapopita ubavuni mwa ukuta. Kisha tazama chini. Kaunta za keshia huacha alama za boliti zilizopangwa kwa safu, na vigae vya mahali palipokuwa na friji huwa na rangi tofauti na vingine. Zunguka nyuma uone mlango wa kupokelea mizigo, ambao mpangaji mpya huwa hajisumbui kuupaka rangi. Kumbi nyingi kubwa za katikati ya jiji zimegawanywa kuwa eksibisheni, yaani vibanda vidogo vya nguo na simu, na wenye vibanda huwa wanajua zaidi ya mwenye jengo. Majengo mengine hayapo tena: Ukay Centre ya Westlands, iliyokuwa na tawi la Nakumatt, ilibomolewa Agosti 2018 kwa kuwa ilijengwa kwenye kingo za mto. Na kuna mahali pa kwenda kwa utulivu, bila kujipiga picha, kama palipokuwa na Nakumatt Downtown, ambapo moto wa tarehe 28 Januari 2009 uliua zaidi ya watu ishirini.

Watu waliofanya kazi humo ni chanzo ambacho hakuna karatasi inayoweza kukishinda. Usianze kwa kuuliza kuhusu madeni na mishahara. Wengi waliumia na wamechoka kuulizwa. Muulize dada aliyekuwa keshia kuhusu zamu ya usiku wa Krismasi, au mzee aliyekuwa stoo kuhusu malori yaliyochelewa, na mengine atayasema mwenyewe akitaka. Sikiliza pia makanga, yaani makondakta wa matatu, kwa maana kuna vituo vya matatu ambavyo bado huitwa kwa majina ya maduka yaliyokufa. Tuskys ilikuwa na matawi yenye majina kama Chap Chap, Beba Beba na Imara, na majina hayo yanaishi midomoni mwa watu kuliko yanavyoishi kwenye nyaraka.

Kuhusu nyaraka zenyewe, jiandae kwa pengo. Uchumi, kwa kuwa ilikuwa kampuni ya soko la hisa, ilitoa ripoti za kila mwaka ambazo mtu anaweza kuzisoma. Nakumatt na Tuskys zilikuwa kampuni za familia, kwa hiyo utategemea matangazo ya ofa kwenye magazeti ya zamani, ambayo Maktaba ya McMillan imeyahifadhi, na ilani katika Gazeti Rasmi la Kenya. Ukitoka nje ya Nairobi, usiyapite maduka ya zamani ya Wahindi, yenye baraza mbele na mwaka wa ujenzi juu ya paji la ukuta. Ukiona jina la familia ambayo haipo tena mjini, kumbuka Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka wa 1967, iliyowabana wafanyabiashara wasio raia, kisha uulize wazee kabla ya kukata shauri.

Mwisho, kila faili ipe jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kisha mji, jengo na mpangaji, na uweke nakala nje ya simu, kwa sababu simu za Nairobi hubadilisha wamiliki bila taarifa. Ukichangia kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, usilifute duka lililofungwa; upo utaratibu wa kuonyesha kwamba mahali palikuwa na duka ambalo sasa halitumiki, na anayekuja baada yako atauhitaji.