Vinundu vya mwaloni: majibu kwa wasomaji

Swali: Hapa Uingereza ninakoishi nimeokota chini ya mwaloni vitu vya duara, vigumu, rangi ya kahawia. Ndiyo matunda yake?

Siyo. Tunda la mwaloni ni refu kidogo na hukaa kwenye kikombe. Hivyo vyenye ukubwa wa gololi ni vinundu, na chanzo chake ni nyigu mdogo sana aitwaye *Andricus kollari*. Jike hutaga yai kwenye chipukizi, na buu anapokua, mti wenyewe humjengea nyumba na kumlisha. Hebu kigeuzegeuze kimoja. Ukiona tundu moja la mviringo, safi kabisa, mwenyewe ameshatoka. Ukiona vitundu vidogo vingi, mara nyingi ni wageni: nyigu wengine waliodandia nyumba hiyo, au waliomla mwenye nyumba.

Swali: Nimesoma kwamba nyigu hawa hawana madume. Kweli?

Nusu kweli, na hapa ndipo wanaponistaajabisha. Wanaotoka kwenye vinundu ulivyookota ni majike watupu. Hutaga bila dume, ila si kwenye mti wa aina ileile: huutafuta mwaloni wa Kituruki. Huko, majira ya kuchipua, hutokea vinundu vidogo mno, utavipita bila kuviona, na humo hutoka madume na majike. Hao hupandana, kisha majike hurudi kwenye mwaloni wa kawaida. Pasipo aina zote mbili za mti jirani, mzunguko hukatika.

Swali: Nikate matawi yenye vinundu?

Usikate. Mwaloni uliokomaa haudhuriki kwa lolote la maana, na nyigu hawa hawamdungi mtu.

Swali: Ni kweli vilitengenezewa wino?

Kwa karne nyingi. Vimejaa tanini, kemikali chungu ya mimea: vilipondwa, vikalowekwa, maji yake yakachanganywa na salfeti ya chuma na gundi ya mgunga. Wino huo huandika hafifu, kisha hukolea kwa hewa hadi kuwa mweusi. Leonardo da Vinci aliutumia kwenye madaftari yake. Nyigu wako huyo aliletwa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, miaka ya 1830 hivi kwa ajili ya rangi na wino.

Swali: Kwetu Laikipia kuna migunga yenye miiba iliyovimba, imejaa sisimizi. Ni jambo lilelile?

Hapana, ingawa wengi hudhani hivyo. Mgunga ule huivimbisha miiba wenyewe. Sisimizi huhamia tu, wakatoboa mlango. Mwaloni hauoti vinundu vya namna hii mpaka nyigu atage.