Chura wa kwanza: chukua yule mnene wa Australia
Dada, umeniuliza uanze kufuga chura yupi nyumbani. Kati ya hao wawili unaowatamani, mchukue chura wa kijani wa mitini wa Australia. Yule mdogo wa rangi kali wa Amerika Kusini anapendeza kweli, ila chakula chake ni vijidudu kama nzi wa matunda, kwa hiyo utajikuta unafuga na nzi! Huyu wa kijani hufikia sentimita 10 hivi, anakula nyenje, na mchana kutwa anaganda kwenye kioo cha tangi lake amejikunja kama andazi. Kasoro yake ulafi. Akishakomaa usimlishe kila siku. Maji ya bomba yaondoe klorini kwanza, maana chura hunywa kwa ngozi. Halafu jipange, anaweza kufikisha miaka 15 na zaidi.