Ng'ombe wasioonekana kwenye data

SWALI: Shikamoo Daktari. Namaliza shahada ya biolojia, na napenda hesabu na kompyuta kuliko maabara. Navutiwa na kazi yenu ya vinasaba vya ng'ombe wa maziwa, ila sijawahi hata kukamua. Nitafaa?
Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho

JIBU: Marahaba, mwanangu. Utafaa. Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango wa hesabu. Zamani fahali alisubiri miaka mitano hivi, mpaka mabinti zake wazae na wakamuliwe, ndipo ajulikane ubora wake. Tangu 2009 Marekani inapima rasmi ng'ombe wa maziwa wa aina ya Holstein kwa DNA: nywele chache za ndama zinatosha, husomwa alama kama 50,000 za DNA yake, kisha kazi inakuwa ya watu kama wewe.

Nikueleze kilichonifanya niipende. Fahali Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa 1962, alipata mabinti zaidi ya 16,000, watoaji hodari wa maziwa. Lakini alibeba jeni moja mbovu, APAF1. Mbebaji akipandishwa na mbebaji, robo ya mimba hupata nakala mbili mbovu na hufa tumboni. Mfugaji huona tu ng'ombe amerudi joto, basi anapandisha tena. Inakadiriwa mimba 525,000 zilipotea hivyo duniani. Watafiti waligundua kipande cha kromosomu chenye jeni hiyo mwaka 2011 kwa kuhesabu wasiokuwepo: katika maelfu ya wanyama waliopimwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa na nakala mbili. Kila nikilifikiria jambo hilo nasisimka. Waliokufa kabla ya kuzaliwa walikuwa wameacha pengo kwenye jedwali, na mtu akaliona.

Sasa kuhusu kukamua. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifuta rekodi za mtamba mmoja kwa sababu DNA yake haikulingana na ya baba aliyeandikwa. Nikadhani maabara imechanganya sampuli. Mhudumu wa zizi akanifungulia daftari: mama yake alipandishwa mara mbili, wiki tatu mbali, kwa mbegu za mafahali wawili, na aliyeingiza rekodi kwenye kompyuta alichukua jina la kwanza tu. Baba halisi alikuwa huyo wa pili. Nilikuwa nimetupa taarifa nzima ya mnyama kwa kutouliza.

Kwa hiyo ukitafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, chagua penye zizi. Amka na wakamuaji, ulisome daftari la upandishaji pamoja na anayeliandika, umuulize kila alama maana yake.