Kwangu ni 1977, na sababu yake iko kwenye kanda ya mjomba

Mkuu mleta mada, umeuliza swali ambalo nimelibeba tangu ujana: ukiambiwa ubaki na mwaka mmoja tu wa albamu za rock na punk (ile rock ya kasi na kelele), mingine yote ifutwe, utachagua upi? Naona wengi hapo juu mmetaja 1991 kwa ajili ya Nirvana, na mdau mmoja ameitetea 1994 kwa Green Day na Offspring. Ni miaka mizuri, sina ugomvi nayo. Mimi nabaki na 1977. Naomba mnivumilie, maana jibu langu ni refu na linaanzia Tanga.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Alikuwa akipotea miaka miwili au mitatu, halafu siku moja unamkuta kakaa barazani anakunywa chai kama vile hakuondoka. Mwaka 1985 alirudi na redio kaseti ya spika mbili na mfuko wa kanda. Moja ilikuwa TDK ya dakika 90 aliyorekodiwa na rafiki yake London. Ameiandika kwa kalamu ya bluu, kwa ule mwandiko wake wa kulala: upande mmoja "Marley, Exodus", upande wa pili "Clash".

Nilikuwa na miaka 14. Upande wa Marley nilikuwa naujua, nani Ngamiani hakuwa anaujua? Ule wa Clash nilipouweka mara ya kwanza nilidhani redio inaukimbiza utepe. Nikaitoa kanda, nikaukaza utepe kwa penseli, nikairudisha. Mwendo ulikuwa uleule. Wimbo wa kwanza kelele, wa tatu kelele, wa saba kelele. Nikauacha uendelee kwa ukaidi tu, mpaka ukafika wimbo wa kumi na mbili.

Huo nilikuwa naujua. Ni "Police & Thieves" wa Junior Murvin wa Jamaika, uliotoka 1976 kwa mkono wa mtayarishaji Lee Perry, Murvin akiuimba kwa sauti nyembamba ya juu kabisa. Hawa vijana wa London waliuchukua wakaurefusha hadi dakika sita, wakati nyimbo zao nyingine nyingi hazifiki tatu. Gitaa moja linakata kwenye pigo, la pili linajibu katikati ya mapigo, na besi inatembea chini yake kwa utulivu. Niliurudisha mara nyingi kiasi kwamba utepe ulikatika mahali hapo, nikauunga kwa gundi ya karatasi. Mpaka leo nikisikiliza wimbo huo kwenye simu, safi kabisa, sikio langu linasubiri ule mkato wa nusu sekunde.

Kutoka hapo nikaanza kurudi nyuma, kwenye zile nyimbo kumi na moja nilizoziita kelele. Kumbe zilikuwa na habari za kazi zisizo na maana anazopewa kijana aliyemaliza shule, habari za polisi, habari za mji unaochosha. Mtoto wa Tanga hakuhitaji kutafsiriwa mambo hayo.

Albamu yenyewe, *The Clash*, ilitoka Uingereza tarehe 8 Aprili 1977. Waliirekodi Februari katika wikiendi tatu, kwa gharama ya pauni 4,000 hivi. Nyuma ya jalada kuna picha ya askari wakikimbilia watu kwenye vurugu za kanivali ya Notting Hill, Agosti 1976. Joe Strummer na Paul Simonon wa Clash walikuwepo siku ile, na ndipo ulipozaliwa "White Riot". Wimbo huu watu huuelewa vibaya kwa sababu ya jina lake. Strummer hakuwa anawachochea Wazungu dhidi ya Weusi. Aliwaona vijana Weusi wakikataa kuonewa, akawauliza Wazungu wenzake kwa nini wao wanakubali kila wanachopangiwa. CBS ya Marekani, kampuni yao ya santuri, iliona albamu haifai kuuzwa kule, ikaiweka kando hadi 1979. Wamarekani wakaiagiza wenyewe kutoka Uingereza, nakala zaidi ya 100,000.

Sasa jambo ambalo nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima, na ndilo linalonifanya niushikilie mwaka huu. Marley alipigwa risasi Kingston Desemba 1976, akaondoka, akaenda kurekodi *Exodus* London katika miezi ya mwanzo ya 1977. Yaani pande mbili za kanda ya mjomba zilirekodiwa katika mji mmoja, kwa miezi ileile! Na haikuwa bahati tu. Klabu ya punk iliyoitwa Roxy, pale Covent Garden, DJ wake alikuwa Don Letts, kijana wa Kiingereza mwenye asili ya Jamaika. Wakati ule santuri za punk zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo katikati ya bendi na bendi alikuwa anapiga reggae, na vijana wenye nywele za miiba wakaipenda. Mwaka haujaisha, Lee Perry mwenyewe akawa London akiwasimamia Clash studio kwenye "Complete Control", na Marley akatoa "Punky Reggae Party".

Ndiyo maana sikubaliani na maelezo ya kawaida kwamba 1977 ni mwaka ambao punk ilikuja na nyundo ikavunja kila kitu cha zamani. Mimi naona mwaka ambao watu waliodhaniwa maadui walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Na kuna ukuta halisi.

Tarehe 28 Oktoba 1977 zilitoka albamu mbili siku moja: *Never Mind the Bollocks* ya Sex Pistols na *News of the World* ya Queen. Zote mbili zilifanyiwa kazi Wessex, studio iliyokuwa ndani ya jumba la zamani la kanisa, Highbury, kaskazini mwa London. Bendi hizi zilikuwa zinapishana kwenye korido. Inasimuliwa kwamba Sid Vicious wa Pistols aliingia chumba cha Queen akamuuliza Freddie Mercury kama amefanikiwa kuwaletea wananchi baleti, na Freddie akalifanyia mzaha jina lake, akamwita "Simon Ferocious", akamtoa nje. Wazanzibari mliomo humu mnajua huyo Freddie ni nani: Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja 1946, familia yake ikaondoka 1964 baada ya Mapinduzi. Kijana wetu wa Mji Mkongwe alikuwa upande mmoja wa ukuta na upande wa pili ni vijana walioapa kuzika muziki wa namna yake.

Lakini zisikilizeni hizo albamu. Queen, mabingwa wa kurundika sauti juu ya sauti, wameanza yao na "We Will Rock You": miguu mara mbili, kofi moja, sauti ya mtu, na gitaa linaingia mwishoni tu. Hakuna kitu cha wazi na cha moja kwa moja kuliko hicho. Na Sex Pistols, wanaosifiwa kwa uchafu wa muziki wao, wametoa albamu iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa. Mpiga gitaa wao, Steve Jones, alipanga gitaa juu ya gitaa mpaka likawa zito kama zege, na besi nyingi alipiga yeye, kwa kuwa Sid alikuwa hajui kupiga. Mtayarishaji alikuwa Chris Thomas, mtu aliyeshiriki kuchanganya sauti za *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd. Na mwimbaji wa Pistols, Johnny Rotten, ndiye aliyekuwa akivaa fulana yenye maneno ya kuichukia Pink Floyd! Mambo haya hayanipunguzii heshima kwa Pistols hata kidogo. Yananionyesha kwamba albamu kubwa ni kazi, hata pale inaposikika kama ajali.

Nilifanya kazi London miaka minne kuanzia 1999, jikoni hotelini. Siku yangu moja ya mapumziko nilipanda basi hadi Highbury New Park kwenda kuliona tu jengo lile. Siku hizi ni nyumba za kuishi. Santuri zote mbili nilizinunua sokoni, zilizotumika, nikaziweka mezani kwangu sambamba: moja ya njano yenye herufi kama zilizokatwa magazetini, nyingine ina roboti mkubwa mwenye macho ya huzuni kawashika Queen mkononi na damu kidoleni. Nilizitazama muda mrefu.

Vurugu za Pistols zinajulikana, nitazipitia haraka. Kampuni ya santuri EMI iliwatimua Januari, A&M ikawasaini Machi mbele ya kasri la Malkia ikawaacha ndani ya wiki moja, kisha Virgin ikawachukua. "God Save the Queen" ikatoka Mei, Malkia Elizabeth akijiandaa kusherehekea miaka 25 ya utawala, BBC ikakataa kuupiga na bado ukafika namba mbili. Msimamizi wa duka la santuri Nottingham alishtakiwa kwa ajili ya "bollocks", neno chafu la Kiingereza lililo kwenye jalada la albamu. Profesa wa Kiingereza akasimama kizimbani kueleza asili ya neno hilo, na mshtakiwa akaachiwa huru.

Niwarudishe kwenye albamu ambayo naipenda kuliko zote za mwaka ule, na humu hakuna aliyeitaja. *Marquee Moon* ya Television, New York, Februari 1977. Television walitoka CBGB, klabu ileile ya Ramones, kwa hiyo wanaitwa punk, lakini sikio lililokulia Tanga linasikia kitu kingine. Sisi tulilelewa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Tunajua gitaa la solo linavyozungumza na gitaa la rithimu, moja linaanza sentensi na jingine linaimalizia, na hakuna anayemkata mwenzake kauli. Tom Verlaine na Richard Lloyd wanafanya hivyohivyo. Wimbo wenye jina la albamu unakwenda dakika kumi. Gitaa moja linapiga noti mbili zinazogongagonga, la pili linaingia kwa kipande kifupi kinachopinda, besi inakuja kivyake, dramu inaingia mwisho, na kwa sekunde kadhaa hujui pigo la kwanza liko wapi. Halafu vyote vinakaa mahali pake kwa pamoja. Wenzangu wazungu kazini waliniambia ni muziki mgumu. Kwangu ulikuwa muziki wa nyumbani uliovaa koti la baridi.

Mengine ya mwaka ule ni mengi mno. David Bowie alitoa *Low* na *"Heroes"* mwaka mmoja, na katikati akamsaidia Iggy Pop kutoa mbili, *The Idiot* na *Lust for Life*. Damned walitangulia wote Waingereza kwa albamu kamili ya punk, Februari. Wire waliingiza nyimbo 21 katika dakika 35. Ramones walitoa mbili, na *Rocket to Russia* ndiyo bora yao. Buzzcocks wa Manchester walikopa pauni 500, wakatoa wenyewe santuri ndogo ya nyimbo nne bila lebo yoyote kubwa, na wengi wakaiga. Na Poly Styrene, binti wa baba Msomali, alisimama mbele ya X-Ray Spex akiwa na waya za meno akaimba kwa sauti ya kupasua; albamu yao ilitoka 1978, lakini santuri yao ya kwanza ni ya 1977. *Rumours* ya Fleetwood Mac ilitoka tarehe 4 Februari. Kesho yake hapa kwetu ikazaliwa CCM, na mwezi huohuo mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Nyumbani kwetu 1977 ulikumbukwa kwa hayo mawili, hakuna aliyejua kuna Joe Strummer.

Mleta mada, kama unataka kuanza, usianze na Pistols. Piga *Exodus* na *The Clash* mfululizo, kama zilivyokuwa kwenye kanda ya mjomba. Siku inayofuata weka zile mbili za Oktoba 28. *Marquee Moon* iache ya usiku, wenzako wamelala, spika mbili zimeachana hatua tatu hivi, na usikilize gitaa lipi linauliza na lipi linajibu.