Kupiga kafi penye maji matulivu, Lamu

Dada, umeuliza pa kupiga kafi bila mawimbi na kuona ndege. Nenda mkono wa bahari unaoingia kisiwa cha Manda hadi kwenye magofu ya Takwa. Mikoko imeziba upepo pande zote mbili, maji yanalala kama mafuta kwenye kikaango.

Lakini kwanza uliza saa ya maji! Ingia yakiwa yanajaa, ugeuke kabla hayajapwa sana, la sivyo utakwama kwenye tope. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yanakimbia kwa kasi, kwa hiyo mgeni afadhali asubiri maji mafu, siku yanapojaa na kupwa kidogo tu.

Ukifika penye mizizi ya mikoko, acha kupiga kafi. Nyamaza tu. Kuna kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa sana, analipunga kumwita jike. Mdiria, ndege mvuvi, hukaa tawini kimya, mara chubwi! Yangeyange, wale ndege weupe, wapo mwaka mzima. Sululu, yule wa mdomo uliopinda, utamwona zaidi Oktoba hadi Machi, anapokimbia baridi ya kaskazini. Ndege wakianza kuinua shingo, ujue umewasogelea mno, rudi nyuma kidogo. Na jaketi la kuelea livae, hata kama unajua kuogelea.