Kinga haipandishwi, inafunguliwa

Dada mmoja kauliza hivi: mama yake mdogo ana kansa ya ngozi, kaanzishiwa dripu ambayo nyumbani wanaiita "dawa ya kupandisha kinga", na majirani washaanza kunong'ona kwamba ana ngoma, yaani VVU. Hilo jina ni sahihi? Na aseme kansa au saratani?

La pili jepesi. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, kansa imetoka kwa Waingereza walioitoa kwenye Kilatini na huko nako ni kaa, sema lolote.

Ila hili la "kupandisha kinga" limenichosha jamani! Tumelizoea kwenye CD4, zile seli za kinga wanazopimwa wenye VVU, na huko lina maana, kinga imepungua kweli na ikipanda unaiona kwenye karatasi ya maabara. Kwenye kansa mara nyingi seli za kinga zipo, zingine zimeshaingia mpaka ndani ya uvimbe, ila zimesimama tu. Chukulia una mbwa mkali wa ulinzi, mwizi kaingia, kaushika mnyororo na kumfunga mbwa kwenye mwembe, halafu wewe unatoka jikoni na sufuria la nyama unamwongezea mbwa chakula. Mbwa anashiba, anabweka, mwizi anabeba tivii. Huyo mbwa hana njaa, kafungwa! Na huo mnyororo ni wa mwili wenyewe, seli ya kinga lazima iwe nao isije ikang'ata watu wa nyumbani, kansa inauvuta tu kwa faida yake. Hiyo ndo kazi ya kina James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani waliopewa Nobel 2018, wao mnyororo huo wanauita breki, na dawa ya kwanza ya kuufungua, ipilimumab, iliruhusiwa Marekani 2011 kwa kansa hiyohiyo ya ngozi.

Sasa ukisema kupandisha, watu wanamletea mgonjwa chupa za tangawizi na kitunguu swaumu wakijua kazi ni moja. "Tiba ya kinga" nayo siipendi sana, sisi tumekua na "kinga ni bora kuliko tiba", mtu akiisikia anawaza chanjo, ila hiyo naivumilia.

Mimi nasema dawa ya kufungulia kinga. Mama mdogo aseme hivyo, na akianza kuharisha au kubanwa pumzi asingoje kliniki ijayo, arudi hospitali siku hiyohiyo, maana mbwa akishafunguliwa anaweza kumgeukia mwenye nyumba.